Firigisi za Hoteli ya Kuku Halisi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizowahi kufanya biashara, mwanangu, ni ile asubuhi Kuka Wekesa alipoingia jikoni kwangu bila kubisha hodi, akanikuta nimekaa juu ya kreti ya soda na sahani ya firigisi mapajani. Hakunisalimia. Alivua kofia kama mtu aliyeingia matangani, akaangalia sahani, akaniangalia mimi, akaangalia tena sahani. Halafu akasema polepole, "Kumbe ni hapa zimekuwa zikienda."

Lakini nikianzia hapo utachanganyikiwa. Mimi shule niliachia darasa la tano, na aliyenifundisha kusimulia ni nyanya yangu, ambaye hakuwahi hata siku moja kuanza hadithi mahali inapoanzia. Nivumilie. Umeniambia unataka kufungua duka la simu Bungoma, na kwamba umeshapiga hesabu zote kwenye hiyo simu yako. Sawa. Hesabu ni nzuri. Mimi pia nilikuwa nazo.

Sisi ni watu wa Kibomet, hapo Kitale, unajua. Wazee wetu walitoka huko Mkoa wa Kati wakaja Trans-Nzoia kutafuta shamba, na mimi nilipokua nikaona jembe na mimi hatuelewani. Nikaanza kwenda Suam, pale mpakani, kuleta maharagwe kutoka upande wa Uganda. Barabara ya Suam wakati huo ilikuwa inakutikisa mpaka unafika nyumbani umesahau ulienda kununua nini. Siku moja gunia langu la maharagwe lilisafiri kwenye lori pamoja na mbuzi, na mbuzi wakala maharagwe, na mwenye mbuzi akanidai mimi, ati maharagwe yangu yamewafurisha tumbo. Hiyo ni hadithi nyingine. Ninachosema ni kwamba nilichoka.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili mwanzoni, shule za msingi zilipokuwa zimefanywa bure na kila mtu alikuwa na matumaini, hata watu wavivu. Nilikuwa karibu na arobaini, ndevu zimejaa, lakini kwa akili ya biashara nilikuwa mtoto wa kunyonya. Rafiki yangu mmoja akaniambia, "Kamau, enda Bungoma ufungue hoteli ya kuku. Wale watu wanapenda kuku. Ukishindwa kuuza kuku Bungoma, basi hata maji huwezi kuuza jangwani." Nikaona ni neno la Mungu.

Ili kupata mtaji tukauza ng'ombe wetu. Alikuwa ng'ombe mweusi mwenye shingo nyeupe kama mtawa, kwa hivyo tulimwita Sista. Sista alikuwa anatoa maziwa asubuhi na jioni bila kurusha teke. Siku ya kumuuza, Mama Njeri, mke wangu, alilia kuliko siku aliyoacha nyumba ya mama yake. Akafuta macho na leso, akanigeukia, akasema, "Baba Njeri, hoteli hiyo ikianguka, wewe ndiye nitakuwa nakukamua." Nilicheka. Yeye hakucheka. Mwanangu, uwe unaangalia sana mwanamke akisema mzaha na uso wake hauko kwenye mzaha.

Tukapata chumba kwenye kichochoro kimoja nyuma ya soko la Bungoma. Kichochoro hakikuwa na jina, watu walikiita Matopeni, na mvua ikinyesha ungejua sababu. Upande wetu kulikuwa na Barasa, mtu mnene mwenye mashine ya kusaga mahindi, ambaye nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga mwaka mzima. Ng'ambo, uso kwa uso na Barasa, alikuwa Khaemba wa misumari na mabati, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza kama hayo mabati yake. Pembeni kabisa, chini ya kipande cha turubai, alikaa fundi wa baiskeli, mzee kuliko sisi wote, Wekesa. Watu wote walimwita Kuka, ndilo neno la Kibukusu la babu. Alikuwa hana meno hata moja, lakini hakuwa na haja nayo. Maneno yake yaliuma hivyo hivyo.

Nikaajiri mchoraji aandike ukutani HOTELI YA KUKU HALISI na achore kuku. Maneno aliyapatia. Kuku alimshinda, akatoka na shingo ndefu na miguu mifupi, mpaka leo kuna watu wanaoamini nilikuwa nauza bata.

Wiki ya kwanza, bana, nilijaza! Watu wa Bungoma hawanunui kuku kama sisi huku, paja moja na chapati. Wanakuja kikundi, wanaketi, wanaagiza kuku mzima na ugali wa kusimama kama mlima Elgon. Mama Njeri alikuwa akipika kwa mkono wa baraka. Mchuzi wake ulikuwa unafanya mtu mzima afunge macho. Kuku nilinunua kwa wakulima wa huko Mabanga, waliofundishwa ufugaji, kuku wa kienyeji kabisa, wenye misuli. Nikasema, Sista, umekufa kishujaa. Kumbe Sista hakuwa amekufa, alikuwa ameuzwa tu, lakini unaelewa.

Wiki ya pili watu wakapungua. Ya tatu nikaanza kuhesabu nzi.

Na kilichonisumbua ni hiki: hakuna mtu aliyelalamika. Hakuna! Walikula mpaka mfupa ukang'aa. Halafu, wakimaliza, mkubwa wao anachukua kijiko, anakoroga mchuzi polepole. Anainua shingo ya kuku, anachungulia chini yake. Anageuza bawa. Anatazama mlango wa jikoni, anangoja kidogo. Anapumua. Kisha anasimama, ananishika mkono kwa mikono miwili: "Asante sana, Baba Njeri. Mama amepika vizuri. Mungu akubariki." Na harudi tena mpaka ufufuo.

Mimi nikafikiri wanatafuta nywele. Nikamwambia Mama Njeri afunge kitambaa kichwani. Wakaendelea kuchungulia. Nikamwambia afunge vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine, katika joto lile la jikoni. Akafunga. Nikapaka ukuta rangi ya kijani. Nikanunua redio. Nikaongeza pilipili, nikapunguza pilipili. Mwishowe nikamwita pasta aje aombee sufuria, kwa sababu nilisikia kuna jirani mwenye kijicho. Pasta aliomba mpaka kifuniko kikatetemeka. Tukamkalisha, tukampa kuku mzima peke yake kwa heshima. Alikula, akakoroga mchuzi, akachungulia chini ya shingo, akatazama mlango wa jikoni, akapumua. Akaniambia, "Ndugu, endelea kuomba." Na yeye pia hakurudi.

Sasa turudi kwenye ile sahani.

Firigisi, mwanangu, kama wewe ni mtoto wa kuku wa dukani hujui, ni ile nyama ngumu ya tumboni ambayo kuku anasagia mahindi. Nyumbani kwetu haikuwa kitu. Mimi niliona ni ngumu, itamwumiza mteja meno, kwa hivyo kila kuku aliyechinjwa nilikuwa naitoa firigisi, naiweka kando. Asubuhi Mama Njeri anazikaanga na kitunguu, mimi nakunywa nazo chai. Nilikuwa nazidi kunenepa huku hoteli inazidi kukonda, na sikuona uhusiano wowote.

Kuka Wekesa alikuwa amekuja kuomba moto wa kuwasha jiko lake. Nilimkaribisha chai. Hakuketi.

"Kamau, uko na watoto wangapi?"

"Watatu, Kuka."

"Mimi naona uko na Bungoma nzima. Kwa sababu hiyo unatafuna ni ya baba wa nyumba. Ya Barasa umekula. Ya Khaemba umekula. Yule pasta uliita akuombee, hata yake umekula. Wewe ni baba ya kila mtu hapa?"

"Hii?" nikainua moja kwa uma. "Kuka, hii ni ngumu! Mimi naondoa nisiwavunje meno!"

"Huko kwenu mbuzi akichinjwa, kichwa ni cha nani?"

"Cha wazee."

"Na ukichukua hicho kichwa upatie kijana, wazee wamekaa hapo wanaangalia?"

Nikairudisha ile firigisi sahanini.

"Si useme!"

"Nitaitiwa mkutano, Kuka. Nitatozwa mbuzi mwingine."

"Eeh." Akaweka kofia kichwani. "Sasa mbuzi yenu iko na ramani kutoka pembe mpaka mkia, lakini kuku yetu wewe ukafikiria ni uji, mtu anachota tu popote anataka."

Mwanangu, niliweka sahani chini. Nikamwuliza kwa uchungu, "Na mbona hakuna mtu aliniambia? Mmekaa mnaniangalia naanguka!"

"Tukwambie nini? Mtu mzima aingie hoteli aseme, 'Nipatie firigisi'? Firigisi haiombwi, Kamau. Mtu akiiomba, hata akipewa, amekula nyama tu. Ni kama kuambia mtoto wako, 'niheshimu.' Akikuheshimu baada ya hapo, hiyo umepata ni nini?" Akachukua kaa la moto kwa koleo, akafika mlangoni, akageuka. "Kuna watu wanasema kuku wa Kitale wanazaliwa bila. Mimi nilikuwa nakutetea."

Mama Njeri alikuwa amesimama nyuma ya sufuria muda wote huo. Akafungua kitambaa kimoja, akafungua cha pili, akavikunja vizuri, akaniwekea mapajani mahali sahani ilikuwa. Nilitamani anigombeze.

Ungedhani nilijifunza hapo hapo. Wapi! Mtu asiyesoma akipata somo moja analitumia mpaka lichakae. Kesho yake nikaenda sokoni nikanunua firigisi za ziada, kila sahani nikaweka firigisi. Mzee amekaa na mtoto wake wa kiume na mkwe wake, wote watatu firigisi! Nikawa natabasamu mlangoni nikingoja sifa. Kuka Wekesa akaniita kwenye turubai yake, mikono imejaa grisi. "Kamau, jana ulikuwa umenyima watu heshima. Leo umeimwaga kama maji ya kuosha vyombo. Sasa baba na mtoto wamelingana, na mkwe ameaibika hata hakumaliza ugali. Wewe, huwezi tu kuangalia watu walioketi?"

Basi nikajifunza kuangalia watu walioketi. Nilikuwa nasimama mlangoni na kuona nani amevutiwa kiti, nani ananawishwa kwanza, nani akiongea wengine wananyamaza. Mara nyingine ni mzee. Mara nyingine ni kijana aliyeleta posa, na mzee mwenyewe anamtazama kwa huruma. Nikitia shaka nampitia bodaboda aliyewaleta na baiskeli, namwuliza kwa sikio. Watu wakarudi. Pasta akarudi, akaleta na kwaya. Mama Njeri akaanza kuimba jikoni. Wateja walininyooshea matamshi yangu na mimi nikawanyooshea yao. Ile herufi ya ere na ya ele inatutesa sote, Mkikuyu na Mbukusu, kwa hivyo tulielewana sana.

Lakini shida ya pili ilikuwa nje ya mlango, na hiyo haikupikika. Matope. Mvua ya mwezi wa nne ilipoanza, kichochoro kikawa bwawa. Wateja walikuwa wanafika pale kwenye kona kwa Kuka, wanaangalia viatu vyao, wanaangalia picha ya bata wangu kwa mbali, wanarudi. Kaunsili ya mji walikuwa wametangaza wataweka maram, ule udongo mwekundu wa barabara, na mtaro kwenye vichochoro vya soko, lakini wakasema kila kichochoro kilete mtu mmoja wa kukisemea, hawataki kelele. Mtu mmoja tu! Na kichochoro chetu kilikuwa na Barasa na Khaemba.

Hawa wawili walikuwa hawajasalimiana tangu lori la mabati la Khaemba lilipomwagia unga wa Barasa matope. Barasa akisema mwenyekiti ni yeye, Khaemba anasema afadhali Matopeni pazame. Khaemba akijitaja yeye, Barasa anawasha mashine ya kusaga ili asisikike. Vichochoro vingine vikawekwa maram. Sisi tukabaki tunawatazama wateja wakipita kwa wenzetu viatu vikavu. Mama Njeri akaacha kuimba. Jioni moja akauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Hivi yule aliyemnunua Sista bado anakaa pale pale?"

Ndipo Mama Nasimiyu, muuza vitunguu, mwanamke wa kicheko kikubwa, akasema tuache mikutano ya kusimama, watu waketi wale, mambo yaishie mezani. Kila mtu akachanga. Wengi watakula nyama ya ng'ombe, na meza kuu itachinjiwa jogoo mmoja mkubwa. Wote wakakubali haraka sana, nikashangaa, nikaenda kwa Kuka.

"Unashangaa nini?" akasema. "Hawachagui kwa kura. Wanakungoja wewe. Yule utawekea firigisi mbele yake, huyo ndiye mkubwa wa Matopeni, na mwingine hatakuwa na la kusema."

Nikachuchumaa kando yake. "Nikimpa Barasa?"

"Khaemba na watu wake hawatakanyaga kwako tena."

"Nikimpa Khaemba?"

"Barasa yuko na ukoo mkubwa kuliko huo."

"Niikate katikati."

"Uwaambie kila mmoja ni nusu mwanaume. Fanya hivyo, nitakuja kuona."

"Nisiilete kabisa."

"Utarudi kuwa yule mtu wa Kitale wa kuku bila firigisi."

Nikaona njia moja, nikafurahi. "Wewe, Kuka! Wewe ndiye mzee kuliko wote. Nitakuwekea wewe!" Kuka Wekesa aliniangalia, akafungua mdomo, akanionyesha ufizi mtupu kutoka upande huu mpaka upande ule. "Mimi nilistaafu," akasema.

Siku ikafika. Watu walijaa mpaka dirishani. Meza kuu waliketi Barasa huku, Khaemba kule, Kuka katikati kama ukuta wa mpaka, na Mama Nasimiyu mwishoni. Barasa alikuwa amenawa uso, mara ya kwanza naona rangi ya nyusi zake. Khaemba alivaa tai. Jikoni, Mama Njeri alikuwa akiitoa ile firigisi kwenye sufuria, anaiangalia, anairudisha, anaitoa tena, kama mtu anayeangalia kama mtoto ana homa. Kwa hivyo haikuiva. Hilo ulikumbuke.

Akaniwekea kwenye kisahani peke yake. "Enda," akasema. "Na ukirudi hapa na sisi hatuna hoteli, pitia kwa huyo aliyemnunua Sista."

Nikatoka nayo. Watu wa dirishani wakasukumana kuona. Nikapiga hatua kuelekea kwa Barasa. Kiti cha Khaemba kikalia. Nikageuka kwa Khaemba. Barasa akakohoa kikohozi cha ukoo mzima. Nikamwinamia Kuka na kisahani, kwa heshima, mikono miwili, na yule mzee, mbele ya watu wote, akasema kwa sauti, "Nipatie meno kwanza." Watu wakacheka, kicheko kikaisha, na mimi bado nimesimama nayo. Jasho likanidondoka. Kisahani kikainama, firigisi ikateleza mpaka ukingoni, nikaona itaanguka chini, na ikianguka nimetukana kila mtu pamoja.

Mwanangu, sikupanga. Watu wamesema baadaye ati nilikuwa na hekima. Haikuwa hekima, ilikuwa ni mkono uliozoea. Asubuhi ngapi ulikuwa umezipeleka zile firigisi mdomoni! Mkono ukaishika, ukaipeleka huko unakojua.

Nikaitia yote.

Na haikuwa imeiva! Nikatafuna. Hakuna kilichotokea. Nikatafuna upande wa pili. Macho ya Matopeni nzima yalikuwa yanafuata taya langu, kushoto, kulia, kushoto. Singeweza kuitema, singeweza kuimeza. Nje baiskeli ilipita, ikalia kengele. Nikatafuna. Mama Nasimiyu alikuwa amejaza leso mdomoni, mabega yanaruka.

Hatimaye ikashuka. Khaemba ndiye aliyezungumza kwanza, na mwanangu, alizungumza na Barasa.

"Umeona huyu mtu?"

"Nimeona," Barasa akasema.

"Amekula."

"Yote, bana. Hata hakuonja kwanza."

"Mimi nimevaa tai!"

"Na mimi nimenawa!"

Walikuwa wameinamiana juu ya Kuka, pua kwa pua, wanalalamika kwa pamoja, na nusu ya watu walikuwa hawajawahi kuwaona wakikubaliana hata juu ya mvua. Kuka akawasukuma kila mmoja na kiwiko chake.

"Tulieni. Hii ni nyumba ya nani?"

"Ya Kamau," wakasema.

"Firigisi ya kuku ya nyumba inakuliwa na nani?"

Barasa akajikuna. "Na mwenye nyumba," akasema kwa shida.

"Basi mwenye nyumba amekula. Barasa hakupewa, Khaemba hakupewa. Nani amekosewa hapa? Asimame aseme." Hakuna aliyesimama. Kuka akanigeukia, na uso wake haukuwa na mzaha. "Lakini wewe, Kamau, usifikiri umekula bure. Aliyekula hiyo analisha nyumba. Kesho asubuhi utaenda kaunsili. Utakaa kwa benchi yao mpaka uote mizizi. Na usirudi bila barabara."

Hivyo ndivyo mtu wa Kibomet, mgeni wa juzi, alivyokuwa mkubwa wa Matopeni. Kusema kweli ofisi za kaunsili zilinitesa. Njoo kesho, njoo baada ya mkutano, mwenye funguo amefiwa. Nikirudi mikono mitupu, Barasa ananisaidia kulaumu ofisi, Khaemba ananisaidia kumlaumu mwenye funguo, wakiwa wamekaa kwenye benchi moja mlangoni kwangu. Mwishowe nilimwambia afisa wa barabara, "Mkubwa, usiniamini mimi. Njoo uone kwa macho." Alikuja baada ya mvua, na viatu vyeusi vinavyong'aa. Hakufika hata nusu ya kichochoro. Mguu wa kulia ulizama, ukatoka, kiatu hakikutoka. Ungeona Barasa na Khaemba wamepiga magoti kwenye tope, mikono mpaka kwenye kwapa, "Kiko upande wako!" "Hapana, kimeteleza kwako, vuta!" Afisa amesimama kwa mguu mmoja, amemshika Kuka begani. Maram ilikuja mwezi uo huo. Mtaro pia. Ninaamini kiatu kiliongea kuliko mimi.

Na barabara ilipokauka, kichochoro kikafunguka. Akaja mtu wa cherehani, akaja kinyozi, akaja binti wa kuuza kadi za simu. Khaemba akaongeza chumba kwa mabati yake mwenyewe. Barasa akaleta mashine ya pili. Mama Njeri akaimba tena, na mwaka uliofuata tukanunua ng'ombe. Hakuwa Sista, alikuwa na mateke. Lakini alikuwa wetu.

Kuna kitu kimoja nitasema kwa haraka, kwa sababu hadithi hii ni ya kucheka. Ule mwaka mbaya, uchaguzi ulipoharibika, na watu wa majina ya Kikuyu kama langu walikuwa wanalala na viatu miguuni tayari kukimbia, kuna vijana walipita Matopeni wakiuliza hoteli hii ni ya nani. Sikuwajua, hawakuwa wa pale. Kuka Wekesa alikuwa ameburuta kigoda chake akakiweka mlangoni kwangu, amekaa na spana mapajani. Barasa alisimama upande huu, Khaemba upande ule. Kuka akawaambia, "Hapa ni kwa mtu aliyekula firigisi yetu. Mnataka nini?" Wakaangalia ile spana, wakaenda. Mimi na Mama Njeri na watoto tulikuwa nyuma ya sufuria. Mama Njeri alipompelekea Kuka chai, mzee alionja akasema, "Sukari ni kidogo. Hata siku kama ya leo?"

Ameshaondoka sasa, Kuka. Mazishi yake tulipika kuku wengi, na firigisi zote zilirudi jikoni kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana anazichukua mbele yake.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na uiweke kwenye hiyo simu yako kando ya hesabu. Ukienda kufungua duka kwenye mji wa watu, usiulize tu wananunua nini. Kaa uangalie wanatafuta nini wakiwa wamemaliza kula, kwa sababu kitu ambacho mtu anakitaka sana ndicho anachoona haya kukuomba. Anayekulalamikia bado anataka kurudi. Wewe mwogope yule anayekushukuru sana huku anachungulia chini ya shingo. Usijione mjanja kwa kuwaondolea watu kitu ambacho wewe hukithamini. Tafuta mzee mmoja wa pale asiyeogopa kukuaibisha, umpe chai yenye sukari ya kutosha. Na watu wakikupa ukubwa, hata kama umeupata kwa mkono uliokosea njia, amka asubuhi uende ukae kwenye benchi ya kaunsili. Usile ukaenda kulala.

Nenda sasa. Mungu akufungulie mlango mahali pasipo na matope, na pakiwa na matope akupe majirani wa kupiga magoti nawe. Akupe mke wa kukuuliza habari za Sista kwa wakati. Na siku watu watakapokuwekea firigisi mbele yako bila wewe kuiomba, awe amekuachia meno.